Paka 38 na Hadubini Moja: Shajara ya Ua wa Bi Zuhura

4 Machi 2023

Kwa miaka 31 nimetazama choo cha watu kwenye hadubini. Cha wavuvi, cha watoto wa chekechea, cha wapishi wanaotafuta cheti cha afya, na siku moja cha mheshimiwa aliyekileta ndani ya kikopo cha jamu kilichofungwa utepe. Nilipostaafu nilidhani yameisha. Leo baada ya alasiri Bi Zuhura ameniita kwake, Mji wa Kale hapa Mombasa, akanikaribisha kwa chai na kaimati, kisha akanikabidhi mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na choo cha paka.

Ua wake una paka 38. Hakuwaita. Alianza na mmoja aliyezalia chini ya ngazi, watu wa mtaa wakaona, na tangu hapo kila mwenye wana wa paka asiowataka huja kuwaacha mlangoni usiku. Sasa pana vizimba sita vya wavu, stoo iliyogeuzwa chumba cha wagonjwa, na masanduku ya mbao yenye mchanga wa pwani ambamo paka hujisaidia. Mkono wake wa kulia ni Hamadi, kijana wa kidato cha tatu.

Shida yenyewe ni watoto. Wanafika wakiruka-ruka, wiki ya pili au ya tatu wanaanza kuhara choo cha makamasi, wengine kina michirizi ya damu, wanakonda mpaka pingili za mgongo zinahesabika. Baadhi wanakufa. Amewapa wote dawa ya minyoo mara tatu tangu Disemba.

"Ami, dawa haifanyi kazi," ameniambia. "Au nimeuziwa chokaa."

Nikamuuliza: kuna mtu aliyekitazama hicho choo kabla ya kutoa dawa? Akanitazama kama niliyemuuliza nani amekionja.

7 Machi

Vifaa. Hadubini yangu kuukuu, ile ya kioo cha kuakisi mwanga, imekaa kabatini miaka minne na imeota ukungu kwenye lenzi moja tu, alhamdulillahi. Slaidi ninazo, za kuoshwa na kurudiwa. Chupa ndogo za dawa ya sindano nimepewa na daktari wa mifugo anayemsaidia Bi Zuhura. Chujio la chai nimenunua jipya, na nimelifunga utambi mwekundu ili lisije likarudi jikoni kwa bahati mbaya.

Njia ni ya zamani na haina gharama: kuelesha. Unachemsha maji, unatia chumvi ya kawaida unakoroga mpaka ikatae kuyeyuka na ibaki chini. Maji hayo yanakuwa mazito kuliko yai la mnyoo. Unavuruga choo kidogo humo, unachuja, unajaza kichupa mpaka maji yavimbe mdomoni, unafunika kwa kioo chembamba. Dakika 15 hadi 20 mayai yanapanda yenyewe na kunata kwenye kioo. Wavuvi wa hapa wataelewa upesi kwa nini baharini unaelea na kisimani unazama.

Tumbo la paka na la binadamu ni majirani. Sikutarajia kupotea njia.

11 Machi

Nimepotea njia kabla ya kuanza. Choo ni cha nani? Paka tisa wanatumia sanduku moja. Hamadi alishika zamu ya kukaa na kuwavizia, na baada ya saa mbili alikuwa na sampuli moja na mkwaruzo mmoja.

Suluhisho ni la zamani miongoni mwa wafugaji wa paka wengi, nami nililisikia kwa daktari: paruza kalamu ya nta ya watoto, ile iliyoandikwa haina sumu, changanya vipande vidogo na chakula, kila paka na rangi yake. Nta haisagiki tumboni. Kesho yake unasoma sanduku kama daftari. Bluu ni Ng'onda. Kijani ni Nahodha. Nyekundu ni Malkia, na hiyo ilimtia Bi Zuhura kiwewe asubuhi, alidhani ni damu.

14 Machi

Sampuli 17 zimetazamwa. Naandika kwa urefu leo kwa sababu hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Paka wakubwa: watatu wana mayai ya minyoo ya duara. Ni yai zuri, la mviringo, ganda nene lenye vishimo vidogo vidogo kama subana ya fundi cherehani. Wawili wana safura. Yai la safura la paka na la binadamu ukiniwekea pamoja siwezi kuapa lipi ni lipi: ganda jembamba, ndani seli zimejigawa kama chane ndogo. Nilijihisi niko kazini, mwaka 1989.

Watoto wanaohara: wanane. Mayai ya minyoo? Mmoja tu. Lakini saba kati yao, kioo kizima kimejaa vitu vingine: vijiyai vya umbo la yai la kuku, ganda jembamba linalong'aa, ndani donge moja la mviringo. Vya aina mbili, vingine vikubwa karibu mikroni 40 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), vingine kama nusu yake. Vingi kiasi kwamba niliacha kuhesabu.

Hivyo navijua. Miaka ya tisini, wodi zetu zilipojaa watu waliokwisha kwa kuhara na UKIMWI haukuwa na dawa, tulikuwa tunaviona. Isospora. Yule wa binadamu alikuwa mwembamba zaidi, kama mtumbwi, lakini ni ukoo mmoja. Hawa wa paka ni koksidia wa paka, na si minyoo hata kidogo. Ni vijidudu vya seli moja vinavyoingia ndani ya seli za utumbo, vinazaliana humo, na kuzipasua vikitoka. Mtu mzima mwenye nguvu huvimudu, paka mkubwa vilevile. Mtoto wa wiki sita aliyeachishwa ziwa ghafla na kutupwa kwenye ua wenye paka 38 havimudu.

Na dawa ya Bi Zuhura? Ni pirantel. Nzuri kwa minyoo ya duara, nzuri kwa safura. Koksidia haimgusi. Hakuuziwa chokaa. Amepewa dawa halali ya ugonjwa ambao watoto hawana.

Nilipomwambia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo miezi mitatu nimekuwa nikimfukuza mwizi aliye nyumba ya pili."

16 Machi

Daktari wa mifugo amekuja. Ni kijana mpole, mikono yake ina makovu ya paka mpaka kwenye viwiko. Amekubaliana na nilichokiona. Dawa anayoitaka ni toltrazuril. Tatizo ni kwamba madukani ya dawa za mifugo iliyojaa ni ile ya kuku, ya asilimia 2.5, iliyotengenezwa ichanganywe kwenye maji ya kunywa ya banda zima, si kumiminwa kwenye koo la mtoto wa paka. Ataleta ile ya watoto wa nguruwe, ya asilimia 5, na atapima kila mmoja kwa uzito. Mizani ya Bi Zuhura ya unga wa maandazi imeteuliwa kwa kazi hiyo na haitarudi jikoni.

Kuhusu nguruwe: Bi Zuhura aliuliza mara mbili kama dawa "imetokana na" nguruwe. Haikutokana naye, ilitengenezwa kwa ajili yake. Amekubali kwa shingo upande.

Kwa wanaohara sana: maji ya chumvi na sukari kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo, usiku kucha. Hiyo ndiyo inayookoa kabla dawa haijaanza kazi.

19 Machi

Kuna jambo linanisumbua. Paka wawili wakubwa, Shombo na Kapteni, wana vijiyai hivyo vidogo kwa wingi, na ni wanene, manyoya yanang'aa, choo kigumu. Sawa, mkubwa anaweza kubeba bila kuugua. Lakini kwa wingi huo?

Nimeomba potasiamu dikromati, kemikali ya kuhifadhia, kutoka maabara ya shule moja. Nimevitia vijiyai vyao humo, na vya watoto kwenye kichupa kingine, na kuviacha viive. Maana kijiyai kikitoka tumboni ni kibichi. Kinahitaji hewa, unyevu, joto, na siku moja mpaka tatu hivi. Kikiiva ndipo kinaweza kuambukiza, na ndipo kinapoonyesha sura yake.

21 Machi

Sura imeonekana na nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia.

Vijiyai vya watoto vilivyoiva vina vifuko viwili ndani, kila kifuko punje nne. Hao ni koksidia wa paka, hakuna shaka. Vya Shombo na Kapteni vina vifuko vinne, kila kimoja punje mbili. Hao ni Eimeria. Wa kuku!

Nikamuuliza Hamadi hawa wawili wanakula nini. Akainamisha kichwa. Kila jioni wanaruka ukuta kwenda kwa muuza kuku wa kona na kula matumbo yanayotupwa. Vijiyai vya kuku vimeingia mdomoni, vimepita, vimetoka upande wa pili vizima. Paka hakuugua wala hataugua, alikuwa mchukuzi tu. Nusura tuwanyweshe dawa paka wawili kwa maradhi ya kuku.

Nimeliandika kwa wino mwekundu kwenye daftari: kuona kitu kwenye kioo si kuona ugonjwa. Miaka 31 nimewaambia wanafunzi hivyo na bado nilikaribia kuanguka shimoni.

28 Machi, Ramadhani

Watoto watano kati ya saba wameacha kuhara. Mmoja alikufa siku ya tatu. Wa saba bado.

Nimetumia wiki hii kufuata kibati cha kuzolea choo. Yaani nimeketi kwenye kiti cha ukindu kivulini, nimefunga, sina nguvu ya kingine, na nimemtazama Hamadi akifanya kazi ya asubuhi. Kibati kimoja. Anaanza masanduku ya wakubwa, anaingia kwa wagonjwa, anamalizia kwa watoto kwa sababu, anasema, wao ndio wazuri kucheza nao mwisho. Ndoo moja ya maji, tambara moja.

Kila asubuhi, kwa bidii na kwa mapenzi, alikuwa akiwapelekea watoto mchanganyiko wa ua mzima.

Sikumgombeza. Ningemgombeza vipi, hakuna aliyemfundisha. Tumegeuza njia: watoto kwanza, kisha wakubwa wazima, kisha wapya, wagonjwa mwisho, na baada ya wagonjwa hakuna kurudi nyuma mpaka aoge. Kila chumba kibati chake, kimepakwa rangi ya kucha ya mjukuu wa Bi Zuhura: waridi kwa watoto, zambarau kwa wagonjwa. Mjukuu hajui bado.

2 Aprili

Ugomvi wa klorini. Bi Zuhura anaamini klorini kama anavyoamini kaburi. Anamimina mpaka paka wanapiga chafya. Nimemwambia haiui koksidia, hakuniamini, na alikuwa na haki ya kutoniamini, kwa hiyo nikafanya mbele yake.

Vichupa vitatu vya vijiyai vibichi kutoka kwa mtoto mmoja. Cha kwanza maji matupu. Cha pili maji ya klorini kwa ukali uleule anaopigia deki, usiku kucha, kisha nikavisuuza. Cha tatu nikamwagia maji yanayochemka. Baada ya siku mbili: cha kwanza vimeiva. Cha pili vimeiva, tena visafi zaidi, kwa sababu klorini imekula uchafu wote uliovizunguka. Wanaosomea vijidudu hivi maabarani hutumia klorini kwa makusudi kuvisafishia. Cha tatu: donge limesinyaa, hakuna kilichoiva.

Alitazama vyote vitatu, jicho moja limefumbwa, mtandio umeshikwa kwa meno. "Basi nimekuwa nikiwaogesha," akasema.

Kwa hiyo maji ya moto. Lakini sanduku la mbao halikubali. Maji yanaingia kwenye nyufa yakiwa yamepoa, na mbao inabaki na unyevu kama kitalu. Masanduku yote yametolewa. Tumenunua mabeseni ya plastiki, na mchanga wa pwani tumeuacha kwa maranda ya fundi seremala wa jirani, anayotupa bure. Kila siku maranda yanakusanywa yote na beseni linamwagiwa maji ya moto. Mantiki ni ya saa tu: kijiyai kinahitaji siku kuiva, sisi tunakitoa kabla hakijaiva. Hata dawa isipokuwepo, hesabu hiyo peke yake inafanya kazi kubwa.

Mkaa umepanda bei. Hilo halimo kwenye vitabu vya vimelea.

9 Aprili

Mambo mabaya. Watoto wanne wapya waliingia Jumatano. Watatu wamekufa ndani ya siku mbili: kutapika, homa, kisha baridi, mmoja hakuhara kabisa. Choo chao nilikitazama mara tatu. Kisafi.

Daktari anasema ni ile homa ya virusi ya paka inayofanana na parvo ya mbwa. Haina kimelea cha kukiona, na hadubini yangu haina la kusema. Virusi hivyo ndivyo klorini inavyoviua, na maji ya uvuguvugu haviyajali. Kwa hiyo nimerudi kwa Bi Zuhura nikamwambia klorini irudi, si badala ya maji ya moto, bali baada yake, sehemu ikishaoshwa na kukauka. Alifurahi mno kwa siku ya msiba.

Stoo imegawanywa kwa pazia la turubai. Kila anayeingia anakaa upande wa mlango siku 14 kabla ya kuchanganyika, na anatazamwa choo siku ya kwanza, ya saba, ya kumi na nne. Chanjo daktari atajaribu kuipata kwa bei nafuu.

10 Aprili

Sikwenda.

17 Aprili

Mvua. Ua umejaa konokono.

Ng'onda anakohoa tangu nimjue. Kila mtu anasema ni mafua, yeye mwenyewe amezoea. Nikiwa bado na kichwa cha kutafuta, nikafanya kitu ambacho mara ya mwisho nilikifanya chuoni: nimefunga choo chake kwenye kipande cha shashi, nikakining'iniza ndani ya faneli yenye maji vuguvugu, mpira umebanwa chini, usiku kucha. Mabuu hai hutambaa kutoka kwenye choo, hayajui kuogelea dhidi ya uzito wake, yanazama mpaka shingoni mwa faneli. Asubuhi unafungua tone moja.

Katika tone hilo kulikuwa na mabuu sita, yanajinyonganyonga kama nyuzi zilizoshikwa na moto, mkia umepinda kama herufi S. Minyoo ya mapafu. Paka hulipata buu kwa kula konokono, au, kwa kawaida zaidi, kwa kula panya, mjusi au ndege aliyekula konokono. Minyoo wanakaa ndani ya mapafu, mabuu yanakoholewa, yanamezwa, yanatoka chini. Kuelesha kwa chumvi hakuyapati, yanasinyaa au hayapandi. Kama ningeishia kwenye chumvi, Ng'onda angekohoa mpaka kufa kwa "mafua".

Dawa yake ni fenbendazole, kwa siku kadhaa, daktari ameshika hesabu. Hamadi aliangalia yale mabuu kwa nusu saa na akachelewa futari.

25 Aprili

Idi imepita, biriani imebaki kwa paka pia.

Jirani mmoja amekuja na shangazi yake. Jirani huyo ni mja mzito wa miezi mitatu, na mumewe amesoma mahali kwamba paka huharibu mimba. Anataka paka wao wawili waletwe hapa leo leo.

Nilimketisha. Toksoplazma, kimelea cha seli moja kinachozua hofu hiyo, si hadithi ya kutungwa. Ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1908, kule Tunis, ndani ya mnyama mdogo kama panya aitwaye gundi, na mwaka huohuo Brazil ndani ya sungura. Ilichukua mpaka karibu mwaka 1970 kuthibitisha kwamba paka ndiye anayetoa vijiyai vyake. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mja mzito, mtoto anaweza kudhurika kweli.

Lakini tazama mwendo wake. Paka hupata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Hutoa vijiyai kwa wiki moja hadi tatu, kisha kwa kawaida hatoi tena kwa wingi maishani mwake. Na kijiyai kilichotoka leo hakiambukizi leo, kinahitaji siku moja mpaka tano kuiva. Kumpakata paka si hatari. Hatari ni choo kilicholala sandukuni siku tatu, mchicha usiooshwa, udongo wa bustani, na mshikaki ulioiva nje ukabaki mwekundu ndani. Mume atoe choo kila siku, yeye. Nyama iive. Mboga zioshwe. Aende kliniki akapime damu ajue kama ameshapata zamani.

Aliniuliza kama ninaweza kutazama choo cha paka wake na kumhakikishia kuwa ni salama. Nikamwambia ukweli: vijiyai hivyo ni vidogo mno, mikroni 12 kwa 10, na kuna ndugu yake asiye na madhara kwa binadamu ambaye kwa hadubini hawatofautiani. Sitampa cheti nisichoweza kukitetea.

Bi Zuhura naye akaingia na hadithi ya sahaba Abu Qatada, ya paka aliyeinamishiwa chombo cha maji ya udhu akanywa: paka si najisi, ni katika wanaowazungukia nyumbani. Nikasema kweli, paka si najisi. Choo chake je? Akasema, "Hicho ni najisi." Basi tumeelewana, mimi na yeye na sheria na hadubini.

Paka wawili wamebaki kwao. Mume, nasikia, amenunua glavu.

6 Mei

Tegu. Punje kama za mchele kwenye mkia wa Malkia, zikikauka zinakuwa kama ufuta. Dawa ya tegu anayo, alipewa Januari, alipewa Machi. Wanarudi kwa sababu anayewaleta ni kiroboto: buu la kiroboto linakula mayai ya tegu, linakua nalo, na paka akijilamba anammeza kiroboto pamoja na mzigo wake. Tukiua tegu tukaacha viroboto, tunadeki huku mfereji uko wazi.

Na hapo ndipo ajali ilipotokea. Msaidizi mmoja wa kujitolea, kwa nia njema, alinunua dukani dawa ya viroboto na kupe ya mbwa, muuzaji akamwambia paka ni mbwa mdogo. Ni permethrin. Alimpaka Nahodha shingoni saa nne asubuhi. Saa nane Nahodha anatetemeka masikio, kisha uso, kisha mwili mzima, macho yametoka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama la mbwa. Tulimwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa sababu moto ungeipeleka ndani zaidi, tukamfunga taulo, tukampeleka kwa daktari kwa tuktuk. Alidungwa ya kutuliza mishtuko. Alikesha hivyo.

Amepona. Kijana aliyempaka amelia kuliko sisi wote. Kabati la dawa sasa lina kufuli, na mlangoni nimebandika karatasi: permethrin, amitraz ya kuogeshea ng'ombe, na panadoli. Vyote vitatu vinaua paka, na vyote vitatu vimo katika nyumba nyingi za mtaa huu.

Viroboto wenyewe: chanuo la meno membamba na bakuli la maji ya sabuni, kila jioni. Mikeka yote juani kwenye sakafu ya juu. Kufagia nyufa za ukuta wa matumbawe, maana wengi wao hawako juu ya paka, wako nyufani wakiwa mayai na mabuu na vifukofuko, wanasubiri. Dawa ya matone salama kwa paka imepatikana kwa 20 tu, wengine wamesubiri mwezi ujao.

20 Mei

Kwa ufupi, maana nimechoka. Watoto waliopo 11. Wanaohara 1. Vijiyai vya koksidia vinaonekana kwa 4, vichache, watatu kati yao wanacheza. Sitawapa dawa hao watatu, tutawatazama.

Minyoo ya duara tumeianza upya kwa mpango: mama anaweza kupitisha mabuu kwenye maziwa. Kwa hiyo mtoto anaweza kuipata akinyonya, si sandukuni tu. Ratiba ya pirantel inaanza wiki ya tatu, kila baada ya wiki mbili mpaka aachishwe, na mama anapewa pamoja nao. Dawa ileile iliyolaumiwa mwezi Machi. Sasa ina kazi yake.

Ng'onda hakohoi. Faneli mara mbili, tupu. Ila amezoeana na chumba cha daktari na anapiga kelele kwa kukosa kubebwa.

3 Juni

Muuza kuku wa kona ameanza kufunika ndoo yake ya matumbo. Shombo na Kapteni wamegoma kula siku mbili. Vijiyai vya Eimeria vimetoweka kwenye choo chao siku chache tu baadaye, kama nilivyotarajia, lakini nilitaka kukiona kwa macho.

10 Juni

Boksi mlangoni alfajiri, watoto watano, macho hayajafunguka vizuri kwa mmoja. Upande wa turubai. Hamadi ametayarisha slaidi mwenyewe, mimi nimekaa na mikono mapajani. Alitazama muda mrefu.

"Ami, kuna duara kubwa lina ukingo mweusi tii."

"Enhe?"

"Ni povu la hewa." Akasogeza slaidi. "Hili jingine... hapana. Hili lina ganda."

Nikainama kutazama. Lina ganda kweli. La duara, na vishimo kama subana. Bado wadogo kuanza dawa, wiki ya tatu haijatimia. Ila mtoto wa umri huo hatoi yai la mnyoo wake mwenyewe, minyoo haijakua kiasi hicho. Basi limetoka wapi? Tumerudi kwenye boksi. Chini ya tambara kulikuwa na choo cha mama yao.

Kesho: kumtafuta mama, anayo mengi ya kutueleza. Na chumvi imekwisha.